Siku Mkuu Alipokalia Oksijeni

Chekeni kwanza, mmalize, ndiyo nianze. Najua wengi wenu mmeshaiona ile video (na wewe uliyeirusha kwenye grupu la ukoo wetu mpaka shangazi yangu wa Kagunga akanipigia kuuliza kama nimeshafukuzwa shule, nakujua, na siku yako inakuja), lakini video ile inaanzia mwishoni, pale Mkuu wa shule anapoinuka na suruali yake, haionyeshi hata kidogo tulifikaje pale. Mimi nataka mjue kwamba asubuhi ile sikuamka na nia ya kumkalisha Mkuu wangu juu ya oksijeni. Niliamka na nia njema, nimepiga pasi shati, nimepaka mafuta miguu mpaka inang'aa. Aibu yangu yote, na ni aibu ya ukubwa wa lori, ilitoka kwenye sufuria ya bibi yangu kule Kasingirima.

Lakini kwanza habari ya chumba, maana bila chumba hamtaelewa kwa nini nilihangaika vile.

Shuleni kwetu klabu ya kemia ina chumba kidogo nyuma ya maktaba. Kina meza moja, sinki ambalo bomba lake hutoa maji likijisikia, na ukutani kuna picha. Picha yenyewe ni ya Madam Felista, mwalimu wetu wa kemia. Wengine wanatundika picha za harusi, yeye katundika picha ya molekuli. Alipokuwa chuo kikuu alitengeneza punje fulani za njano kwa kuchanganya molibdeni na ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, haidrojeni peroksidi, akaziacha zijipange zenyewe taratibu mpaka zikawa fuwele, kama zinavyojipanga punje za chumvi ya Uvinza, halafu zikapelekwa kwenye mashine ya eksirei. Ndiyo, eksirei ileile ya mguu uliovunjika, ila yeye aliipiga punje ndogo kuliko chawa. Ikatoka picha: molibdeni mmoja katikati, oksijeni saba zimemzunguka. Moja juu, moja chini, na tano kiunoni kama mkanda. Katika hizo tano, nne zimeshikana mbili mbili kama wachumba kwenye fukwe siku ya Idi, na ya tano imekaa peke yake (mimi naiita Shabani, maana ndilo jina langu na ndiyo hali yangu).

Sasa chumba hicho Mkuu alikuwa anakitaka kwa ajili ya maharage. Msinicheke, ni kweli. Shule ilikuwa imenunua magunia ya maharage kutoka Kasulu, stoo ya jikoni ina panya wenye afya kuliko wanafunzi, na Mkuu akasema haiwezekani chakula cha watoto kiliwe na panya wakati chumba kizima kimekaliwa na picha. Madam akakata rufaa kwa mwenyekiti wa bodi ya shule, Bi Tausi, yule mama wa Ujiji anayeuza mawese kwa madumu. Bi Tausi akasema hivi, na maneno yake yalibandikwa vichwani mwetu kama tangazo:

"Siku ya sayansi nitakuja. Mnieleze kwa Kiswahili hicho mnachofanya humo ndani. Nikielewa, chumba chenu. Nisipoelewa, maharage yaingie."

Tulikuwa watatu. Kulikuwa na Editha, ambaye anajua kila kitu lakini akisimama mbele ya watu anaongea kama mtu anayesoma taarifa ya msiba. Kulikuwa na Yohana wa Kidahwe, mshkaji wangu, mikono yake inajenga chochote na mdomo wake unakula chochote. Na mimi, ambaye nilikuwa kwenye onyo la mwisho kwa kosa la kuigiza mwendo wa Mkuu mstarini (Mkuu anatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani na hataki imwagike, sasa mtu unavumiliaje?). Madam akanichagua mimi niwe msemaji. Mkuu alipinga mbele yetu kabisa.

"Felista, huyu? Huyu mtoto ataleta vichekesho."

"Namdhamini mimi, Mkuu," Madam akasema. Kisha akanigeukia. "Shabani, mdomo unao. Mara moja tu katika maisha yako, utumie kwa faida."

Daah. Hebu fikiria mtu anakudhamini wewe, wewe ambaye hata mama yako mzazi hakutumi dukani bila kukupigia simu njiani. Nikaapa moyoni kwamba nitafanya kitu kikubwa. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, maana Editha alikuwa tayari na kitu kidogo, cha kawaida, kinachofaa: alikuwa anafinyanga vitufe vya udongo, anavikausha, na anavipaka rangi nyekundu ya kucha. Vitufe vyenyewe vilikuwa vizuri, lakini vilikuwa vidogo kama vidonge vya malaria, na mvua zilikuwa zimeanza kwa hiyo havikauki.

"Bi Tausi ana miwani, Editha," nikamwambia. "Unataka aone atomu au unataka aone vumbi?"

"Sasa wewe una wazo gani?"

Nilikuwa nalo. Kwenye modeli za kemia oksijeni huwa nyekundu, si ndiyo? Na Kigoma hii, kitu gani chekundu, cha mviringo, kimejaa kila kona mpaka mbuzi wamekizoea? Chikichi! Mgeni mwenyewe ni mama wa mawese, akiona chikichi moyo unalainika kabla sijafungua mdomo. Molibdeni awe ndimu, kijani. Haidrojeni za yale maji yaliyonasa ndani ya molekuli ziwe bisi, nyeupe. Vijiti vya kuunganishia, chelewa. Yohana akanishika mkono akasema, "Wewe mtu ni hatari," na hata Editha hakunisahihisha, jambo ambalo kwake ni sawa na makofi.

Tukajenga. Fremu tukaifunga kwa fito, ndefu mpaka kifuani kwangu, na ndani yake tukapanga molekuli nane, nne chini na nne juu, ili ionekane kwamba fuwele si molekuli moja bali ni umati uliojipanga foleni bila askari. Tatizo likawa chikichi zenyewe. Mbichi ni ngumu, na katikati kuna kokwa, chelewa likiingia kidogo tu linagonga kokwa linavunjika. Ufagio mzima wa bibi uliishia hapo (bibi mpaka leo anaamini uliibwa na jirani, na mimi naona hakuna haja ya kumsumbua na ukweli). Yohana akajichoma kidole, akaruka, "Mawe we!" (hayo si mawe ya kurusha, ni Kiha, anamwita mama yake), na siku ya sayansi ni kesho yake.

Hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Mdogo kabisa. Nyumbani kwa bibi kulikuwa na sufuria jikoni, chikichi zinachemka, maana bibi hukamua mawese ya nyumbani na mengine huuza. Nikafunua, nikachoma moja kwa chelewa: likaingia laini kama kwenye ndizi iliyoiva. Rangi nayo ndiyo imezidi kuiva, nyekundu inayong'aa. Nikamwambia bibi naomba bakuli moja.

"Za kula?" bibi akauliza.

"Za shule."

"Shule siku hizi mnakula chikichi?"

"Tunasoma chikichi, bibi."

Akanitazama kama anavyonitazama siku zote, akajaza bakuli. Nikazifuta moja moja kwa gazeti, zikakauka, nikawapelekea wenzangu. Editha alizishika, akanusa vidole vyake, akasema, "Shabani, hizi zimechemshwa." Nikamjibu, "Ndiyo, kwa hiyo hazina hata vijidudu." Nilijiona nimejibu! Mimi, mtoto niliyezaliwa Kigoma, niliyelala kwenye nyumba inayonuka mawese tangu sina meno, mtu ambaye anajua kabisa kwamba chikichi huchemshwa kwa sababu moja tu, ili mafuta yatoke, nikasimama hapo nikazitukuza kwa usafi. Mtu wa Dodoma angefanya hivyo tungemsamehe.

Asubuhi modeli ilikuwa imesimama bwaloni kwenye meza yetu, na jamani, ilikuwa nzuri. Madam Felista alipoiona aliziba mdomo kwa mkono. Akaizunguka, akazihesabu zile oksijeni kwa kidole, akakuta hata wale wachumba tumewashikanisha sawasawa na picha yake, macho yakamlainika. Kisha akafungua mkoba wake akatoa kitambaa cha meza, cheupe, kimedariziwa maua pembeni, alichozawadiwa siku ya harusi yake. "Tuiweke juu ya hiki," akasema, "ipendeze." Mnaona mambo yanavyojipanga? Kama fuwele.

Na mimi nikaongeza ujinga wangu wa pili: nikaisogeza meza dirishani ili jua liipige modeli ing'ae. Paa la bwalo ni bati, wazazi wamejaa, mvua imejikusanya juu ya ziwa na haitaki kunyesha, joto ni lile la kukufanya utamani kuvua ngozi uitundike msumarini. Kila mtu alikuwa anatoka jasho. Nikaikagua modeli kwa mara ya mwisho, nikaona na yenyewe inatoka jasho. Jekundu.

Tone la kwanza lilianguka kwenye ua la kitambaa. Nikaweka kidole juu yake, kama vile ukilifunika halipo. Tone la pili. Nikafuta kwa kiganja. Sasa anayejua mawese anajua kwamba mawese hayafutiki, yanasambaa, kwa hiyo tone lililokuwa la ukubwa wa punje ya dengu likawa la ukubwa wa chapati. Nikafuta mkono wangu kwa ndani ya mfuko wa suruali. Nikasikia Yohana ananong'ona, "Wanakuja, wanakuja!" Nikageuka, na mbele yangu amesimama Bi Tausi.

Alikuwa amevaa gauni jeupe. Mtandio mweupe. Nikajiuliza, kwani watu wote wameamua leo ni siku ya nyeupe? Nyuma yake Mkuu na ile ndoo yake isiyoonekana kichwani, na suruali ya kaki mpya, mkunjo wa pasi umenyooka kama rula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, hujambo?" Na akanipa mkono.

Ningefanya nini? Mtu mzima anakupa mkono, utamwambia mkono wangu una oksijeni? Nikampa. Akaushika vizuri, kwa mapenzi, kama mama wa Ujiji anavyosalimia, hakuachii mpaka akuulize habari za nyumbani, kisha akaniachia akainua mkono uleule akarekebisha mtandio wake. Vidole vitano, vyekundu-chungwa, vikabaki pale juu ya sikio. Hakuona. Mkuu aliona. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ambaye bado ananidai miaka miwili ya masomo.

"Haya," Bi Tausi akasema, "huyu ni nani?" akiinyooshea kidole modeli.

Nikaanza. Na nilianza vizuri, naapa. Nikamwambia hili ni umbo la ndani kabisa la punje ya njano ambayo jicho haliwezi kuona kilichomo, huyu wa kijani ni molibdeni, hawa wekundu ni oksijeni, nikaona anatikisa kichwa, anafuata, Madam nyuma yangu anapumua. Nikafika kwenye wachumba, wazazi wakacheka panapostahili. Nikasema, "Sasa mama, punje hii ukiipasha moto..."

Ta.

Kitu kilianguka sakafuni. Oksijeni ya juu ya molekuli ya pembeni. Yohana akapotea chini ya meza kuiokota.

"Nini hicho?" Bi Tausi akauliza.

"Oksijeni, mama. Inatoka." (Mdomo wangu huu, haunisubiri.)

"Inatoka inakwenda wapi?"

"Hewani."

"Mbona ipo chini ya meza na kijana anaifukuza?"

Bwalo likacheka, na mimi kwa ujinga nikadhani wanacheka pamoja na mimi, nikapata mzuka. Ta. Ta. Ta-ta. Zikaanza kudondoka mfululizo, maana chelewa limelowa mafuta na kokwa ni zito, nyama ikilainika tu kokwa linachomoka na kwenda zake. Zikawa zinabingirika kuelekea kwa wazazi wa mstari wa mbele, kila moja imechora mstari wake mwekundu. Mtoto mmoja akaokota akatia mdomoni. Mama yake akampiga kibao, "Tema sayansi hiyo!" Kutoka chini ya meza nikasikia Yohana, "Shabani, ndimu nazo zinakuja!" na nikasikia pia anatafuna, kumbe presha imempanda anakula haidrojeni.

Kisha fremu ikainama. Fito zilikuwa zimelala upande wa jua, na upande wa pili umepungukiwa na uzito, kwa hiyo jengo zima likaanza kuegemea kwa upole upande wa Bi Tausi, kama mtu anayetaka kumnong'oneza. Mimi nikadaka juu. Editha akadaka chini. Na Mkuu, lazima niseme ukweli ingawa ananichukia, Mkuu aliruka kumkinga mgeni. Aliruka kishujaa. Aliruka bila kutembea ule mwendo wake wa ndoo.

Mguu wa kulia ukakanyaga oksijeni.

Nimeshaona watu wakiteleza. Nimeona wavuvi wakiteleza kwenye mitumbwi na samaki mikononi. Lakini sijaona mtu akiteleza taratibu vile, na tai yake ikibaki nyuma hewani kama inauliza kwani tunakwenda wapi. Miguu ikatangulia, yeye akafuata, na pale alipotua palikuwa na molekuli moja iliyodondoka pamoja na ndimu yake, oksijeni ya juu tayari imechomoka, ule mkanda wa oksijeni tano bado umesimama kumzunguka ndimu. Akaikalia. Ikatoa sauti. Ndimu ikipasuka chini ya mtu mzima hutoa sauti ambayo sitaielezea, nyote mnaijua sauti hiyo, na wazazi wote bwaloni waliifahamu vibaya.



Mkuu akainuka mwenyewe. Akajipangusa mikono. Akatugeuzia mgongo ili atoke kwa heshima, na hapo, ndugu zangu, video yenu ndipo inapoanzia. Kwenye kaki mpya, mahali penyewe, duara tano za mawese zimezunguka doa la maji ya ndimu. Mbili zimeshikana, mbili zimeshikana, moja iko peke yake. Safi kuliko picha ya ukutani.

Editha, ambaye hajawahi kufanya mzaha tangu azaliwe, akanong'ona, "Madam, hata jozi zinaonekana."

Bwalo likapasuka. Watu walilia. Kuna mzee mmoja alikuwa anapiga goti lake mwenyewe kwa fimbo. Mimi sikucheka. Huwezi kuamini, mimi, sikucheka, maana nilimtazama Madam Felista nikaona ameshika ncha ya kitambaa chake cha harusi, ambacho sasa kilikuwa na rangi ya mchuzi wa maharage, na hacheki. Anamtazama Bi Tausi. Nikakumbuka neno moja tu: namdhamini.

Bi Tausi alikuwa amesimama. Aligusa mtandio wake, akatazama vidole, akanusa. Kisha akainama (mama mzito yule, akainama), akaokota chikichi moja, akaibonyeza kwa gumba. Mafuta yakachuruzika mpaka kwenye bangili.

"Hizi zimechemshwa," akasema. Kicheko kikapungua. "Nani kachemsha chikichi halafu akaziweka juani juu ya kitambaa cheupe?"

"Mimi, mama."

"Wewe mtoto wa wapi?"

"Wa hapahapa. Kasingirima."

"Wa Kasingirima!" Akawageukia wazazi kama anatafuta shahidi. "Mtoto wa Kasingirima hajui chikichi ikichemshwa inatoa nini!" Wakacheka tena, na kicheko hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote, kwa sababu kilikuwa cha haki. Kisha akanigeukia, hacheki. "Sasa nieleze. Bila maneno ya kunichekesha. Hicho kidude cha kwenye picha, mwalimu wenu alikitengeneza cha nini kama ukikipa joto kinakufa?"

Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza haukuwa na utani wowote ndani. Nikatazama chikichi iliyopasuka mkononi mwake. Na ikaja yenyewe.

"Mama, kwani wewe chikichi unaichemsha ili upate chikichi?"

Nikasikia Mkuu mlangoni anavuta pumzi. Bi Tausi akanyanyua nyusi. "Naichemsha nipate mawese."

"Basi na yeye hivyohivyo. Ile punje ya njano hakuitaka kwa ajili yake. Aliitaka kwa kitakachobaki. Ukiipasha moto polepole, maji yanatoka, wale wachumba wanaachana, oksijeni ya ziada inakwenda, kinachobaki ni oksidi ya molibdeni, safi, na hiyo ndiyo inayofanya kazi viwandani. Punje ni mama wa oksidi, kama chikichi ilivyo mama wa mawese. Na ile picha ya eksirei ni ya kujua nani kashikana na nani ndani, ili ujue nani ataachia kwanza ukiweka moto. Mimi modeli yangu nayo imeachia, ila yangu imeachia kwa ujinga. Ya Madam inaachia kwa mpango."

Yohana akatoka chini ya meza na bisi kidevuni.

Bi Tausi akaigeuzageuza ile chikichi kiganjani, mawese yakidondoka. Kisha akamtazama Madam. "Felista. Ndivyo?"

"Ndivyo, Bi Tausi. Kabisa."

"Basi nimeelewa." Akauvua mtandio, akazitazama zile alama za vidole, akautundika begani. "Miaka yote nakamua, hakuna aliyewahi kuniambia natengeneza kemia. Chumba kibaki chenu. Maharage yatafutiwe paka kulekule jikoni. Na magunia yote yaliyoletwa mlangoni pa maktaba," akaninyooshea chikichi, "huyu wa Kasingirima ndiye atakayeyarudisha. Kwa mgongo wake."

Nikayarudisha. Na nyie hamjui gunia la maharage ya Kasulu lilivyo. Madam Felista alikuwa anapita na kikombe cha chai, akasimama kunitazama, akasema mharage hauwezi kustawi bila molibdeni kidogo mizizini, kwa hiyo hata humo ndani ya gunia imo. Nikamwambia, "Madam, leo nausikia uzito wake." Hapo ndipo alipocheka, siku nzima hakuwa amecheka, alicheka mpaka chai ikamwagika. Kitambaa chake nilikifua mara tatu na bibi akakifua mara ya nne, kimetoka kila mahali isipokuwa kwenye ua moja, na yeye anasema lile ua sasa ndilo analolipenda.

Kwa hiyo viapo vyangu ni hivi. Sitachemsha kitu chochote kwa ajili ya sayansi kabla ya kujiuliza watu wa kawaida wanakichemshia nini. Editha akileta vitufe vyake vya udongo, hata viwe vidogo kama mbegu za mchicha, nitavipigia makofi. Na sitampa mtu mzima mkono kabla ya kuunusa.

Ila kuna jambo moja limenishinda kuliapia. Mkuu alipeleka ile suruali kwa dobi wa mjini, dobi akashindwa, na Mkuu si mtu wa kutupa kaki mpya. Anaivaa kila Ijumaa. Tunasimama mstarini, anatuhutubia kuhusu nidhamu, anamaliza, anageuka kurudi ofisini na ule mwendo wake wa ndoo, na shule nzima tunajionea, kwa rangi ya mawese hafifu, jozi moja, jozi nyingine, na ile moja ya peke yake. Madam Felista husimama pembeni akiuma mdomo, anatunong'oneza bila kugeuka, "Atakayecheka, simdhamini."

Mimi sicheki. Natazama juu, nahesabu mabati ya madarasa, na machozi yananitoka mpaka kwenye kola.